Mkebe wa Kaseti za Hayashi

Jumanne iliyopita mwanamke Mjapani aliingia katika hoteli yangu hapa Nyeri mjini, akapita mapokezi bila kuuliza chumba, akaja moja kwa moja mpaka meza ninayokalia mimi, ile ya dirishani, mahali mtu anaweza kunywa chai huku akiona lori zake zikipanda kilima. Alikuwa amebeba mkebe wa biskuti kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Ulikuwa wa bluu, umechubuka pembeni, na kifuniko kilikuwa kimebonyea upande mmoja pale kilipoangukiwa na jiko la makaa huko Karatina, nikiona kwa macho yangu. Nilisimama kabla hajasema neno. "Mzee Kariuki?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kisafi kuliko changu. "Ninaitwa Emi. Baba yangu alikuwa Hayashi." Alisema "alikuwa". Nikamvutia kiti, nikamwambia msichana wa jikoni alete chai ya maziwa mengi, na tukakaa tukiutazama ule mkebe, kila mmoja akimngoja mwenzake. Sikuufungua siku hiyo. Kuna vitu mtu akivifungua haraka ni kama amekula chakula cha matanga akiwa amesimama.

Wacha niseme jambo moja kabla wengine hawajaanza kujisifu. Katika miji yote inayouzunguka mlima wetu, kutoka Sagana mpaka Nanyuki, mtu wa kwanza kuijua roki ya Kijapani, kujua bendi gani ni ya kusikiliza na bendi gani ni kelele za mabati, ni mimi, Kariuki, niliyeachia masomo darasa la tano. Kijana wangu wa chuo kikuu alikuja nyumbani juzi na simu yake akaniambia, "Baba, unajua Wajapani wako na bendi kali sana za gitaa?" Nilicheka mpaka chai ikaingia puani. Nilimwambia akae chini. Nilimwimbia mwanzo wa nyimbo tatu, sehemu ya gitaa kwa mdomo na ngoma kwa meza, na akabaki ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba ng'ombe wake anaongea. Leo nina hoteli, nina lori, nina kiti cha mbele kanisani. Lakini mwaka ulionifanya kuwa mtu sikuwa na hata moja ya hayo. Nilikuwa na chumba cha mbao nyuma ya baa, na gitaa ambalo si langu.

Ulikuwa ule mwaka wa miaka ya sabini kahawa ilipopanda bei, wakulima wakawa wanaingia Karatina na viatu vipya bado vina vumbi la duka. Baa zote zilijaa isipokuwa ya Mama Nyawira, na hapo ndipo mimi na wenzangu tulipokuwa tunapiga muziki. Tulikuwa watatu. Githinji alipiga gitaa la solo, na kusema ukweli hakukuwa na vidole kama vyake hata Nairobi. Muriuki alikaa kwenye ngoma, mtu wa maneno machache na miguu mizito. Mimi nilipiga ridhimu na kuimba, na nilikuwa ndiye mwenye akili ya biashara. Shida yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwenye baa ya pale alinunua lile sanduku la muziki la kutumbukiza senti, lenye taa nyekundu na kijani zinazokimbizana, na lilikuwa na santuri zote zilizokuwa zinapendwa, hata zile tulizokuwa tunaziiga sisi. Mtu angesikiliza ya Kariuki kwa nini, na yenyewe iko pale?

Mama Nyawira alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti nyembamba, aliyevaa kofia ya sufu hata Februari. Siku moja ya Juni alituita jikoni, mahali alipokuwa anageuza mutura, utumbo uliojazwa nyama, juu ya makaa, akaongea bila kututazama, akiutazama utumbo. "Hawa watu walikuwa wangu. Sasa wanavuka barabara ati kuenda kusikiza sanduku. Na mimi naelewa. Sanduku hailangi nyama yangu, hailewangi, haichelewangi." Githinji akajaribu kucheka. "Usicheke, Githinji. Nimewapea mpaka Krismasi. Baa ikijaa, mnakaa. Isipojaa, Januari niko na sanduku yangu, na nyinyi mrudi mkachune majani chai." Hakutuonea. Lakini elewa vile mambo yalikuwa upande wangu: gitaa lilikuwa la Mama Nyawira, amplifaya ilikuwa yake, na chumba nilicholala kilikuwa cha mwanamuziki wa baa. Muziki ukitoka, natoka nao, nikiwa na blanketi na sufuria, narudi kijijini nilikokuwa nimeaga kwa maneno makubwa.

Wiki hiyo hiyo ndipo chumba cha jirani yangu kilipata mtu. Kampuni fulani ilikuwa inachimba visima upande wa Sagana, na fundi wa mashine zao, Mjapani, alikuwa amechoka kulala kwenye hema na mbu. Hayashi alikuwa kijana mwembamba wa miwani, miaka michache tu kunipita, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufagia veranda yote, mpaka mbele ya mlango wangu. Jioni akarudi kutoka kazini, akajaza karai maji, na wakati ananawa grisi akawasha redio kaseti. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao ambao ungeweza kupitisha kijiko. Nikasikia gitaa inayolia kama msumeno uliokutana na msumari, halafu inanyamaza. Kimya kabisa. Halafu ngoma moja tu. Halafu msumeno tena. Nilidhani kaseti inaliwa na mashine, na kwa sababu mimi ni jirani mwema nikagonga ukuta kumwambia aitoe haraka kabla haijakatika.

Yeye alidhani namgombeza. Kesho yake alisimama mlangoni pangu akainama mpaka nikaona kisogo. "Pole sana. Kelele yangu. Pole." Akanipa mkebe wa bluu, ndani yake biskuti za mchele zenye chumvi, akaenda mbio. Biskuti zile tulizimaliza na Githinji tukibishana kama ni za watu ama za kuku. Lakini mkebe ulibaki, na hapo ndipo hadithi hii ilipozaliwa, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kiondo kikija na maharagwe, kinarudi na viazi. Hata kama huna kitu utatia ndizi mbili, lakini kitupu hakirudi. Kwa hivyo nilichemsha nduma, yale magimbi ya kando ya mto yenye unga, nikajaza mkebe, nikampelekea. Alishika mkebe kwa mikono miwili, akafungua, akanusa, uso wake ukawa na furaha na wasiwasi pamoja. Sikujua wakati ule kwamba kwao pia ni hivyo hivyo. Ukipewa, lazima urudishe kitu. Siku mbili baadaye mkebe ulirudi kwangu. Ndani palikuwa na kaseti.

Basi hatukuweza kuacha. Mimi natia nduma, yeye anatia kaseti. Mimi natia mayai ya kuchemsha, yeye anatia kaseti. Ukiniuliza kwa nini hakuna aliyesema yatosha, nitakuuliza wewe ni nani angekuwa wa kwanza kurudisha mkebe mtupu. Mama Nyawira alikuwa anatuona tukipishana pale veranda na akamwambia mpishi wake, akidhani sisikii, "Hawa wawili wataoana na hiyo mkebe."

Maandishi ya kaseti yalikuwa ya Kijapani, na mimi hata Kiingereza nakisoma nikikisukuma, kwa hivyo tulizipa bendi majina sisi wenyewe. Ile ya msumeno tuliita Watu wa Nyundo. Uzuri wao ulikuwa kunyamaza: wanapiga, wanaacha shimo, na wewe mwenyewe unatumbukia ndani. Mpaka leo nikisikiliza bendi isiyojua kunyamaza, nazima. Kulikuwa na ile ya mwanamke mwenye sauti kavu ya kuamrisha, tukamwita Mama wa Kiganjo, maana alikuwa kama yule anayepigisha kurutu kwata kule chuo cha polisi. Gitaa tatu zilikuwa nyuma yake na hakuna hata moja iliyothubutu kumtangulia. Kulikuwa na Mto Sagana, wimbo mmoja kaseti nzima, unaanza kama maji ya kiangazi yanayopita kati ya mawe, na ukigeuza upande wa pili ni Aprili, mto umebeba miti. Muriuki alisikiliza huo akiwa amefumba macho, na ulipokwisha akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo: "Huyo mtu wa ngoma, mimi ningemfulia nguo." Na kulikuwa na wale niliowapenda kuliko wote, Watu wa Baridi. Hao hawakupiga kelele. Waliimba polepole, kama watu waliokaa jikoni Julai, moshi na mvua nje, wanaongea tu. Gitaa ilikuwa inatembea kando yao kama mbwa wa nyumbani.

Mwezi wa tisa tulijiona tumefika. Tulikuwa tumekariri wimbo wa Watu wa Nyundo, maneno yote ya Kijapani, bila kujua hata moja. Jumamosi moja ya soko, alasiri, watu wachache wakiwa na chupa zao, tukaupiga. Githinji alikuwa anang'oa kamba. Mimi nikaimba kwa nguvu zangu zote. Tulipomaliza, mzee mmoja wa kofia ya manyoya, aliyekuwa amekuja kuuza vitunguu, akaweka chupa chini taratibu. "Vijana," akasema, "nani amekufa?" Baa ikaangua kicheko, na kicheko kile kilivuka barabara pamoja na watu wenyewe, mpaka ndani ya baa ya sanduku. Mama Nyawira alifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. Ningependa angetutukana.

Hayashi alikuwa amekaa pembeni na soda yake. Alikuja tulipokuwa tunakunja waya, masikio yamekuwa mekundu, akaniita kwa heshima ya kwao. "Kariuki-san. Kwa nini unaimba maneno yangu?"

"Si ndiyo roki," nikamwambia. "Sisi twaimba vile wenyewe wanaimba."

"Hapana. Roki si ya Japani. Ilitoka mbali. Sisi tulichukua, tukatia maneno yetu. Wewe huna maneno?"

Githinji akamrukia. "Maneno tuko nayo, bwana. Ni vile hayo maneno yetu ni ya kahawa na kabichi."

Hayashi akaenda chumbani, akarudi na kaseti ya Watu wa Baridi, akaiweka, akaanza kutufafanulia mstari kwa mstari, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta nati kwenye mchanga. "Amesimama stesheni. Treni imechelewa. Baridi. Ananunua machungwa. Mama wa machungwa anasema, treni inakuja. Treni haiji."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu anakula chungwa."

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu."

Nimekaa na matajiri, nimehubiriwa na maaskofu, nimekunywa chai na wakubwa wa serikali, na sijawahi kuambiwa kitu kikubwa kuliko hicho. Wimbo niliokuwa naulilia kifuani miezi mitatu, nikidhani ni wa mapenzi au vita, ulikuwa wa mtu anayekula chungwa akingoja treni. Na mwenye wimbo hakuuazima kwa mtu. Sisi bendi zetu zikitaka kuonekana za maana ziliimba Kiingereza cha kubahatisha, na zikirudi kwenye Gikuyu ziliimba mambo ya msichana aliyenikataa. Nani alikuwa ameimba soko la Karatina lenyewe, lile linalotulisha? Nilikuwa nalisikia kila alfajiri kupitia mbao zangu: mikokoteni, akina mama wakipatana bei, lori likinguruma. Usiku huo sikuandika kitu, maana mkono wangu ni mzito. Nilitunga kichwani, na asubuhi nikawaimbia wenzangu kwa Gikuyu juu ya chai na mandazi. Ulikuwa wimbo wa mwanamke aliyekaa juu ya gunia la kabichi, ukungu umeshuka, akingoja lori. Dereva anamwambia, nakuja, mama. Lori haliji. Anafungua kiondo, anatoa nduma, anakula. Basi. Githinji alitafuna mandazi yake mpaka mwisho. "Kariuki," akasema, "hiyo ni mamangu."

Ilibaki sauti. Gitaa ya Githinji ilikuwa safi na tamu, na tamu hiyo haikuwa na ukungu. Spika yetu ilikuwa na ufa wa zamani, ambao Mama Nyawira alikuwa ameuziba kwa plasta ya kidonda akiwa anajivunia sana. Hayashi alivua miwani, akapitisha kidole juu ya karatasi ya ile spika kama daktari, akaibandua plasta. Halafu akaomba wembe, akaongeza ufa upande wa pili, kidogo tu. Githinji akagusa kamba moja, na pale kwenye ukumbi ikanguruma lori ya Karatina, yenye gia mbovu, ikipanda kutoka mtoni. Mama Nyawira alitoka jikoni mbio na koleo la makaa mkononi. "Wũi! Mmeharibu kitu ilikuwa imeharibika!"

"Mama, ngoja," nikamwambia. "Ngoja usikie."

"Nisikie nini? Nyinyi mnanimaliza!" Lakini alisimama, koleo likiwa juu, mpaka wimbo ukaisha. Akarudi jikoni. Tukasikia akimwambia mpishi, "Ni ile lori mbovu ya Wambugu ya kubeba kabichi kabisa."

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tulifungua milango yote miwili ya baa ili sauti itoke. Nilijua kwamba wanaume wa ng'ambo ya pili hawatatoka kwa sababu ya gitaa, gitaa wanayo. Tukaacha shimo la kimya kama Watu wa Nyundo, Muriuki akaweka ngoma moja ndani yake, na Githinji akaleta lori. Nikaimba nikiangalia barabara. Wa kwanza kusimama hawakuwa wanaume. Walikuwa akina mama wa soko, wale ambao mguu wao haukuwahi kukanyaga ndani ya baa, mizigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mmoja akamvuta mwingine. "Ati wanasema nini? Ni sisi wanasema!" Tulipofika pale dereva anaposema nakuja, mama, wakaangua kicheko, na mmoja akajibu kwa sauti ya kupasua bati, "Mwongo huyo!" Tukarudia. Wakajibu wote. Wanaume wakatoka kwenye baa ya sanduku kuona wake zao wanachekea nini, na wakishatoka wakasimama, na wakishasimama wakaona kiu. Sijui tuliurudia mara ngapi. Najua yule mzee wa kofia ya manyoya aliagiza chupa kwa Mama Nyawira akasema, "Sasa mmefufuka." Na Mama Nyawira, akiwa amebeba kreti kifuani, alipita karibu yangu akaniambia kwa ile sauti nyembamba, "Hiyo gitaa usiirudishe kwa stoo. Ni yako." Kila kitu nilicho nacho leo, hoteli hii na lori zile, kilianzia kwenye sentensi hiyo.

Hayashi alikuwa ameweka redio kaseti yake juu ya kreti ya soda, akanasa alasiri yote, pamoja na akina mama. Nilikuwa nimegundua kwamba kwenye rafu yake palibaki vumbi tu mahali pa kaseti. Alikuwa amenipa zote, moja baada ya nyingine, hadi Watu wa Baridi, kwa sababu ya nduma zangu. Na kumrudishia zawadi yake ni kumtukana. Kwa hivyo visima vilipokwisha, na gari la kampuni likaja kumchukua Januari, nilitia ndani ya mkebe kaseti ya alasiri ile, nikaifunga kwa jani la mgomba, na juu yake nduma za moto. Alifungua, akaona, akacheka mpaka akafuta miwani. "Kariuki-san. Mimi nilikuwa nimechoka sana na mkebe."

"Hata mimi," nikamwambia.

"Sasa ni zamu yangu," akasema, akapanda gari akiwa ameukumbatia.

Emi amekaa kwangu siku tatu. Jana nilimwita Githinji, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa mwenye tumbo na heshima, tukakaa chumbani kwa yule binti, na nikaufungua mkebe. Ilikuwa kaseti. Emi alisema baba yake alikuwa na bendi ya mafundi wenzake, kila Jumapili, kwenye gereji yao, miaka na miaka, na kwamba alikuwa anasema mkebe atauleta mwenyewe. Tukaiweka kwenye mashine. Sauti ya Hayashi ilikuwa imezeeka. "Karatina, habari. Moja, mbili." Kisha kimya, shimo lile lile, ngoma moja, na lori ikanguruma kutoka mtoni. Aliimba kwa Gikuyu, kila neno, mwanamke na gunia lake na ukungu. Alipofika kwa dereva, wanaume wa Kijapani wasiojua kabichi ya Karatina inafananaje wakajibu kwa pamoja, kwa Gikuyu cha kuteleza: Mwongo huyo! Githinji alifunika uso kwa leso. Mimi nilienda dirishani kuangalia lori zangu, na sikuziona vizuri.

Emi anaondoka kesho saa nne, na mkebe uko kwangu. Jikoni nduma zinachemka, nimesimamia mwenyewe, maana wasichana wa siku hizi hawajui za kando ya mto. Githinji amekuja na gitaa na kaseti tupu ya kunasia, Muriuki tumemtumia gari. Ukumbi wa hoteli yangu una spika mpya, kubwa kama kabati, ambazo meneja wangu huwaonyesha wageni wakija. Saa hii nimetuma kijana dukani akaniletee wembe.